Mjomba, Nilichagua Gitaa Lenye Freti

Mbukwa, mjomba.

Najua hutaitikia. Nimekusalimu hivyo hivyo kwa sababu ulinifundisha kwamba mtu hatangulizi shida mbele ya salamu, na mimi leo nimekuja na shida. Naandika nyuma ya karatasi za masjala, hapa hapa ofisini Mtumba, wenzangu wameenda kula. Ukiona mwandiko unakwenda upande, usidhani ni machozi. Ni meza. Majengo mapya, viti vipya, na meza yangu mimi peke yangu ndiyo yenye mguu mfupi. Fundi anasema anakuja tangu mwaka uanze.

Nianze na ya nyumbani. Matanga yako tuliyaondoa vizuri, watu walikula wakashiba, hakuna aliyegombana, na wewe unajua ukoo wetu, hilo si jambo dogo. Karanga za Mlali zimevunwa. Yule mbuzi wako mweusi mwenye kiburi amezaa mapacha na kiburi kimezidi. Mkeo Mama Neema anakula, anatembea, mguu haumsumbui sana.

Ila haimbi. Hilo ndilo lililonileta, mjomba, na nimezunguka kwenye karanga na mbuzi kwa sababu aliyemnyamazisha ni mimi.

Ngoja nikueleze yalivyokwenda.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika, kwaya ilikaa kikao. Mwenyekiti akasimama, akasema Mzee Amosi ametupigia besi miaka yote hii kwa gitaa kipara, na ni aibu yetu sisi kwamba amekufa bila kushika zuri. Akasema tumuenzi kwa kununua gitaa jipya la besi. Watu walichanga, mjomba. Hata wale ambao kwaya huwa inawakera walichanga. Halafu wote wakanigeukia mimi: Nyemo ndiye mwanafunzi wake, yeye ndiye mpigaji wetu sasa, aende akachague. Kichwa kilivimba. Nisikufiche, kilivimba hata kitambaa kikanibana.

Gitaa kipara. Jina lile mimi nililichukia tangu siku ya kwanza. Magitaa ya wenzetu yote yana freti, vile vyuma vyembamba vinavyolala kwenye shingo kumwonyesha mpigaji sauti ilipo, unabonyeza tu na sauti inatoka safi. Lako lilikuwa na makovu ya freti, umeyaziba kwa gundi na unga wa mbao. Tukienda kuimba kwenye makanisa mengine, wapigaji wao walikuwa wanakuja kulichungulia na kuangaliana. Wewe ulikuwa unasema, "Freti zimeliwa na jua la Dodoma," wanacheka, unacheka nao. Mimi nilijua ni umaskini tu. Nilijua zilichakaa, ukazing'oa, ukakosa hela ya kuweka nyingine. Miaka kumi na mmoja nilijua hivyo.

Unakumbuka nilivyochora mistari? Nilichukua ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ofisini, nikaweka kinanda pembeni, nikatafuta kila sauti ilipo, nikatia alama kwenye shingo ya gitaa lako, mstari baada ya mstari. Nilijiona mjanja sana. Ukaliona. Ulichukua kitambaa na mafuta ya taa, ukafuta mistari yote mbele yangu, taratibu, ukaninyooshea gitaa. "Usiuangalie mkono wako. Mwangalie anayeimba." Basi. Somo likaishia hapo, na mimi nilinuna njia nzima mpaka nyumbani. Nilikuwa nadhani unanionea.

Sasa siku ya dukani. Ni lile duka la vyombo vya muziki karibu na soko, la Mzee Shabani, uliyekuwa unanunua kwake nyuzi. Alinipa pole, akakuombea dua, akaniambia ulikuwa unamchosha kwa kupima uzi mmoja nusu saa. Halafu akaanza kunishushia magitaa. La kwanza jepesi, lilikuwa linaruka mkononi, nikamrudishia. Lililofuata lilikuwa la nyuzi tano, jekundu lililoiva, mgongoni lina betri, na nilipogusa uzi wa chini kabisa vioo vya kabati vikatetemeka. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, akasema "Eeh!" kama mtu aliyeonja mchuzi. Nami nilipenda. Freti zake zinang'aa, zimejipanga, huwezi kukosea hata ukitaka.

Mzee Shabani hakuwa ananiangalia usoni. Alikuwa anaangalia vidole vyangu. Akaingia ndani, akatoka na gitaa la tatu, la rangi ya mbao tu, vumbi limekaa mabegani. Halikuwa na freti. Liliundwa hivyo kiwandani, mjomba, kumbe yapo. Akaniambia polepole, mwenyekiti asisikie, "Hili wateja wake wachache. Lakini wewe vidole vyako vinateleza, vinatafuta. Umejifunzia kipara wewe."

Niliona aibu, sijui nikuambieje. Kama mtu kaniambia nguo ya ndani imechanika. Nililipokea kwa adabu tu. Nikapiga sauti moja, nikateleza kidogo kwenda juu, na hapo hapo nikakusikia. Sisemi kwa mfano. Ni ule mlio wako, ule unaoingia kama mtu anayepiga hodi huku ameshaingia. Mkono ulisimama wenyewe.

Na mimi nikaliweka chini.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mwenyekiti yuko mlangoni, watu wamechanga kwa jasho, halafu nirudi na kipara kingine? Wangesema Nyemo ni mjinga, kapewa nafasi ya kuvaa viatu kachagua kwenda peku. Nikasema, "Tunachukua jekundu." Mzee Shabani hakubishana, ni mfanyabiashara. Tulipungukiwa kidogo, akasema anaweza kupokea la zamani kwa ajili ya vipuri. Gitaa lako nilikuwa nimelibeba mgongoni, nimekuja nalo la kulinganishia. Nikalivua, nikampa. Sikulifungua hata kwenye mfuko wake nikaliangalia mara ya mwisho. Mwenyekiti alinipongeza.

Jumapili ile ya kwanza watu walipiga vigelegele. Besi na kinanda vilikaa pamoja kama havijawahi kukaa. Mwalimu Josia, mpiga kinanda wetu, si mtu wa sifa, lakini alinishika bega akasema leo ndiyo tumekuwa kwaya. Nikalala vizuri. Nikuambie ukweli, nililala vizuri wiki nzima.

Ikaja zamu ya kufanya mazoezi ya wimbo wa kuaga, ule aliotunga mkeo. Unajua pale kwenye mstari wa pili anapokwenda. Si juu, si chini. Ni ile sauti ya mama zetu, ya kwenye kupura uwele, ambayo kwenye kinanda haipo, ipo katikati ya vidude viwili vyeupe na cheusi hakiifikii. Miaka yote aliiimba pale na hakuna aliyewahi kusikia kosa. Siku ile ilisikika. Ilichomoza kama mwiba. Mwalimu Josia akasimamisha, akasema kwa heshima zote, yeye hana ubaya, "Mama, pale unapungua kidogo. Hebu isikilize besi."

Isikilize besi. Na besi ni mimi.

Nikampigia, mjomba. Nilimpigia sauti ile ya freti, moja, wazi, nikarudia ili aifuate. Akajaribu, akarudi kule kwake. Nikarudia tena, kwa nguvu kidogo, na nilikuwa natabasamu, nilidhani namsaidia. Mara ya nne akaifikia. Sauti yake ilikonda hapo hapo, ikawa ya mtu mwingine, mgeni anayejibu maswali kwenye ofisi ya watu. Kwaya ikapiga makofi. Yeye akasema, "Asanteni wanangu, nimechoka kidogo," akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma na kitenge chake magotini.

Mazoezi yaliyofuata hakuja. Yaliyofuata tena hakuja. Tukaambiwa amehamia Mlali, shambani, kwa dada yake. Wote tukasema ni msiba, mwacheni mama wa watu apumzike. Nami nilisema hivyo, tena nilikuwa wa kwanza.

Jumamosi moja nikabeba sukari na majani ya chai nikaenda kumwona. Nilimkuta anabangua karanga uani, nikakaa, nikachukua ungo wangu. Tuliongea ya mvua, ya ndege waharibifu, ya Neema na mtoto wake. Halafu, katikati tu ya kubangua, akaanza kucheka peke yake. Akasema, "Mjomba wako alikuwa mwizi wewe, hujui?"

Akanieleza. Zilikuwa nzima, mjomba. Freti zote zilikuwa nzima, gitaa lilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kanisa linunue. Mwalimu wa kwaya wa wakati ule alimwambia mkeo mbele ya watu akae chini, anaharibu sauti ya pili. Wewe ulikuwa umesimama pale na gitaa, hukusema neno, na yeye alikukasirikia kwa ule ukimya mpaka mlipofika nyumbani. Ukavuta kigoda, ukaweka gitaa mapajani, ukachukua plaizi. Ukaanza kung'oa, moja moja, mchana kutwa. Alidhani umerukwa na akili, mali ya kanisa ile. Ulipomaliza ulipiga, ukateleza, ukatafuta, huku umemkazia macho mdomoni. Ukasema, "Sasa imba." Na juma lililofuata yule mwalimu akatangaza kwamba mama yule amejirekebisha.

Alicheka mpaka maganda yakamwagika. "Aliiba freti za kanisa kwa ajili yangu," alisema, "na hakuna aliyejua mpaka anaingia kaburini. Usiwaambie." Nilicheka na mimi. Nilicheka, mjomba, huku naliona gitaa lako mkononi mwa Mzee Shabani.

Ndipo akapangusa macho na ncha ya kitenge, akaniuliza, "Lile gitaa lake mmeliweka wapi? Maana lile jipya lenu silisikii vizuri. Nikilisikia lile lake, nadhani nitaweza."

Nikamwambia lipo kwa fundi.

Mungu anisamehe. Lilitoka tu. Akasema, "Haya, likipona nijulishe," akaendelea kubangua.

Jumatatu sikuja kazini. Nilitoa udhuru nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Shabani. Akasema gitaa lako alimpa fundi wake wa Kizota. Lile lingine lisilo na freti lilichukuliwa juma lile lile na watu wa bendi, hajui wamekwenda wapi. Nikaenda Kizota. Kule kelele za kukata vyuma usiseme, nimeuliza karakana nne ndipo nikampata, mtu wa makamo, mpole, anafanya kazi nzuri. Alilikumbuka mara moja. Akanieleza kwa furaha, kwa kuwa alidhani nimekuja kusifu: masikio ya kukazia nyuzi amefunga kwenye gitaa la watu wa Singida, sumaku zake ziko kwenye lingine, na shingo, ule mti mgumu mweusi, ameukata vipande vya kuwekea nyuzi kwenye magitaa ya kawaida. Akafungua kopo akanionyesha vilivyobaki. Vidogo, vimepigwa msasa, vinang'aa. "Mbao hizi siku hizi hupati, dada," alisema.

Nilimshukuru. Nilisimama pale kwenye unga wa mbao nikamshukuru, sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia.

Nikamwendea mwenyekiti. Nikamwomba ruhusa ning'oe freti za gitaa jekundu. Sikumwambia ya kwako, siri ya mkeo nimeitunza, nilisema tu kwamba ndivyo nilivyofundishwa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole na msiba, Nyemo," akasema. "Tutakuombea." Nikajua nikiongeza neno nitaitiwa wazee.

Nilifikiri kung'oa kwa nguvu, kama wewe. Plaizi ninayo. Kilichonizuia si woga wa kikao, nakuapia. Niliweka gitaa mapajani, nikajiuliza: nikishang'oa, ile sauti naipata wapi? Na sikuijua. Miaka kumi na mmoja nimekaa kando yako na vidole vyangu havijui ile sauti inakaa wapi, kwa sababu mimi nilikuwa naangalia mkono. Wewe uliipata mdomoni mwake, kila mara upya, na yeye sasa haimbi ili niitafute. Nimezunguka hapo mpaka kichwa kikauma. Anaimba nikipiga, na siwezi kupiga asipoimba.

Juzi nikaenda tena Mlali. Nilibeba gitaa jekundu na spika ndogo ya betri, nikasema potelea mbali, nitalazimisha. Ukiusukuma uzi pembeni kwa kidole sauti inapanda kidogo juu ya freti, hilo nalijua, nikasema nitapanda nayo polepole mpaka tukutane. Mama Neema alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akaona gitaa ni lile lile jekundu, hakuuliza. Akaketi. Nikapiga mstari wa kwanza. Nikafika pale, nikasukuma uzi.

"Umekaribia," akasema.

Nikarudia.

"Umepita."

Nikarudia tena, sijui mara ngapi, kidole kimechanika, sasa hivi naandika na plasta. Aliinamisha kichwa anasikiliza, jicho moja limefumbwa, alikuwa anataka, mjomba, nilimwona anataka. Mara mbili alivuta pumzi nikadhani anaingia. Mara mbili aliitoa bila kitu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya nyuzi, taratibu, gitaa likanyamaza. "Basi mwanangu," akasema. "Ugali unapoa."

Nikamwambia yote hapo hapo. Duka, kipara cha Mzee Shabani, nilivyolivua lako mgongoni, kopo la Kizota. Sikujitetea. Nilitaka anitukane, anifukuze, anirushie hata mwiko. Aliangalia upande wa zizi. Akasema, "Kwa hiyo halipo." Nikasema halipo. Akasema, "Haya," akaingia jikoni akapakua. Aliniwekea mlenda mwingi kuliko wake. Nilikula, mjomba, nikauona mchungu wote, na nilimaliza kwa kuwa alikuwa ananiangalia kama nashiba.

Sijui nifanye nini. Ningekuwa najua nisingekuandikia. Zamani nikikwama nilikuwa nakuja uani kwako, unanipa mwiko au ungo au gitaa, unasema kaa, na mimi nakaa. Sasa kila ninayemwendea ananipa pole.

Mwezi ujao huenda kukawa na mazishi ya mzee mmoja wa kanisa anayeugua, hawasemi lakini wameshatuomba tujiandae, na wimbo walioutaka ni wa mkeo. Ataimba binti mwingine. Ana sauti nzuri, sina la kumlaumu, na pale kwenye mstari wa pili anakaa sawasawa na kinanda. Watu watalia. Watasema hawajawahi kuusikia vizuri hivi.

Kumrudishia Mama Neema sauti yake siwezi kukuahidi. Nilishakudanganya vya kutosha nilipokuwa nachora mistari badala ya kusikiliza. Ahadi ninayoweza kuitimiza ni hii ndogo: wimbo ukifika pale, nitauinua mkono kutoka kwenye nyuzi. Kila mara, popote tutakapouimba. Mahali mlipokuwa mnakutana ninyi wawili, sitaweka sauti nyingine. Na Jumamosi nitakuwa nakwenda Mlali bila gitaa, nibangue karanga, nimwangalie mdomo. Kama siku moja atajisahau akaimba hata nusu ya mstari, nitakuwa nimekaa hapo.

Wenzangu wanarudi, nawasikia kwenye ngazi. Pumzika, mjomba wangu. Nisamehe kama huko kuna kusamehe kwa vitu kama hivi. Mwalimu Josia ataniuliza kwa nini besi imekatika, na mimi nitamwambia ndivyo wimbo ulivyo.

Mpwa wako,
Nyemo